"Si" Iliyofia Kwenye Waya

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliokula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, mpaka watoto wakawa wanauliza ugali unafananaje. Mtama ulitukaukia shambani, basi mimi na mume wangu Luhende tukatoka kwetu Ngokolo, tukaenda kwenye mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Yeye alishuka shimoni. Mimi nilipika, mbali na mdomo wa shimo, maana walisema mwanamke akisogea dhahabu inakimbia. Upuuzi mtupu, lakini niliogopa.

Toka chini ulipanda waya mrefu wa kusemea, ukaishia kwenye spika kando ya winchi. Siku hiyo ndoo kubwa ya winchi imejaa magogo ya kushikiza shimo, inasubiri neno la kushushwa. Nikasikia sauti ya Luhende: "U... shushe!"

"Haya, kasema ushushe," akasema Masanja, mwenye winchi, akashika mpini.

Mjukuu wangu, niliuacha mwiko. Sauti ile nililala nayo, naijua; haikatiki katikati ya neno. Pale palikuwa na tundu. Nikakimbia nikaukalia mpini, kaniki inanilegea kiunoni.

"Mama Kabula, hii ni winchi, siyo kinu! Toka!" Masanja akafoka.

"Sitoki hapa mpaka nimsikie tena."

"Utatufukuzia dhahabu, wewe!"

"Na ikimbie! Muulize."

Akanitukana, akauliza. Ikaja ileile: "U... shushe!" Wanaume wa pale wakanivuta mkono. Nikapiga kelele kwenye kile kidude cha kusemea kando ya spika: "Luhende, sema Kisukuma!"

Nikaliweka sikio kwenye spika. Nilidhani nimeshakuwa mjane. Kisha: "Leka! Leka!"

Acha! Acha! Ngazi ilikuwa imevunjika, yeye na wenzake wamenasa shimoni, palepale ndoo ile ingewaangukia. "Usishushe," ndivyo alivyokuwa anasema. Waya umekula "si". Masanja aliketi mavumbini; wenzake wakashusha kamba, wakawapandisha wote.

Baadaye walipoongeza nguvu ya spika, ikanguruma kama fahali, na "si" bado haipo. Akaitwa fundi wa simu ya upepo, ile redio ya kuongelea. "Mama," akaniambia, "waya mrefu hauli sauti zote sawasawa. Nene hufika, nyembamba hufia njiani. Hata mawimbi ya simu ya upepo yakipita kwenye waya, ni hivyo hivyo." Akafunga kisanduku cha kuzibana zile nene zilingane na nyembamba, ndipo akazipandisha zote pamoja. Luhende aliposhuka tena, neno lake likasikika zima.

Sasa sikia, mwanangu. Neno la kukataa ni jembamba, hupotea kabla ya mengine. Usidhani kelele italifikisha. Bana kwanza yale manene yanayolifunika. Na ukiletewa neno lenye tundu, usishike mpini. Uliza, hata kama unatetemeka. Mimi mpaka leo nikisikia mnyororo wa winchi unalia, naishika nguo yangu kiunoni.

Mungu akupe masikio ya kusikia kisichofika, na kila umpendaye apande juu salama. Wakikuuliza bibi yako alisema nini pale kwenye winchi, waambie, na hiyo "si" waisikie vizuri: "Sitoki hapa mpaka nimsikie tena."