Vidonge Vyangu Vilivyobaki

Marehemu baba aliizimua kwa maji dawa ya kuogeshea ng'ombe, ili iwatoshe na ng'ombe wa jirani. Kupe wakaizoea, hawafi. Shule sikufika mbali, lakini hilo nililiona kwa macho yangu.

Na bado sikujifunza. Hapa Toronto, St. James Town, rafiki yangu wa ghorofa ya juu alikohoa miezi. Makohozi alishapeleka maabara, majibu yakakawia. Nikampa vidonge vyangu vilivyobaki nilipougua kifua. Kwetu dawa haitupwi. Akapata nafuu, akanitania, "Daktari gani wewe, hata kusoma hujui!" Kisha kikohozi kikarudi na damu.

Akapeleka makohozi mengine, nikamsindikiza kliniki kuchukua majibu. Nesi mmoja Mkenya akatueleza.

"Mzee, hii si TB, ni vijidudu jamaa zake, vinakaa kwenye maji na udongo. Tumepima ukoo wa vijidudu vyako. Ni vilevile vya makohozi ya kwanza, ila sasa dawa tuliyoitegemea haiviui. Uliwahi kuinywa peke yake, bila dawa nyingine?"

Nilitaka kusema ni mimi. Mpaka leo mtu akikohoa kwenye lifti, nageuka nikidhani ni rafiki yangu huyo.

"Nilikuja nayo kutoka nyumbani," rafiki yangu akamdanganya nesi, bila kunitazama.

Nesi akamwambia matibabu mapya ni sindano, miezi mingi, na huenda yasifae. Rafiki yangu akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akavaa koti. Nikadhani anatoka kupunga hewa. Hakurudi kliniki, wala kwake, wala sikumwona tena.