Kodi ya Miezi Sita

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, na kufika saa nne vidole vyote vilikuwa vinalia. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Nguvumali, hapa Tanga, na mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Tulijaza fomu za pasipoti, na anayehamia nchi nyingine tulimwandikia makadirio, yaani karatasi ya kumwonyesha maisha ya huko yatamla kiasi gani kabla hajafunga begi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo tuyaache.

"Unajua kukadiria?" Msimamizi aliniuliza.

"Shikamoo. Hesabu nimesoma."

"Marahaba. Sikukuuliza hesabu. Mtu mzima mmoja anamaliza dagaa kiasi gani kwa wiki?"

Sikujua. Akanituma sokoni nikawaulize akina mama, na hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Ndiye pia aliyenifundisha "mwezi mkavu", zile siku za mwanzo ugenini ambapo kazi umeanza na mshahara bado. Waliorudi nyumbani mapema, wengi waliangushwa hapo.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Usagara, chini ya Mkuu wa Tawi, mama wa Kibondei mwenye kicheko kikubwa na kalamu nyekundu. Wateja wetu wengi walikuwa wanahamia Mombasa.

Siku moja akaja Mwanahawa, fundi cherehani wa Makorora, na binti yake Tatu wa miaka sita. Alikuwa amepata kazi kwenye duka la ushonaji Mombasa. Swali lake lilikuwa moja tu: ataweza kwenda na mtoto?

Nikaandika nauli, chakula, maji, ada ya shule, mwezi mkavu. Kwenye kodi nikachukua bei ya chumba nikazidisha mara sita, kama nilivyowafanyia wateja wote. Hapa Tanga nani asiyejua kwamba mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi? Nikajumlisha. Akiba yake ilimtosha mtu mmoja.

"Basi Tatu atabaki kwa bibi yake," alisema Mwanahawa, huku akiikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama tiketi.

Tatu akanisogelea. "Dada, mie dagaa sili. Nitoe hapo."

Nikamtoa kwenye dagaa, nikajumlisha tena. Haikutosha.

Mwanahawa akampigia mwenye nyumba wa Mombasa kumwambia kodi ya miezi sita iko tayari. Simu ilikuwa kwenye spika, tukamsikia mzee wa watu anacheka.

"Miezi sita ya nini, mwanangu? Wataka kuinunua nyumba? Lipa mmoja, na mmoja wa amana. Baada ya hapo tutaonana kila mwezi."

Nikafuta sita, nikaandika mbili. Safari hii pesa zilibaki, na sare ya shule ikapatikana. Mwanahawa alimvuta Tatu, akamfunga mtandio vizuri, akaufungua, akamfunga tena.

Mkuu wa Tawi hakucheka siku hiyo. "Karatasi za Mombasa umejaza ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Na mimi nimezipitisha zote. Toa nakala."

Tuliwapigia simu wateja wale siku tatu. Wapo waliokuja kuchukua watoto wao wiki ileile. Baba mmoja alisema mwanawe ameshamzoea shangazi, akimwona yeye anajificha nyuma ya mlango. Nilimwomba radhi. Nadhani hakunisikia.

Tangu hapo nikageuza mpangilio. Zamani tulianza na "una kiasi gani?" Mimi nikaanza na "unataka kwenda na nani?", halafu nikauliza huko aendako watu wanalipaje.

Sasa ofisi imefungwa, kila mtu anajikadiria kwenye simu yake, nami nimestaafu nina miaka ishirini na sita. Chekeni tu. Nalikumbuka lile benchi, na harufu ya karatasi ya moto ikitoka kwenye mashine. Wadogo zangu mtakaoshika kazi kama hii, desturi ya mwenye nyumba wenu msiiandike kama sheria ya dunia.

Mteja wangu wa mwisho alikuwa mzee wa Kipemba aliyefiwa na mkewe zamani, anahamia Moroni kuuza vitambaa. Nikamwuliza anataka kwenda na nani. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Andika wawili," alisema. "Ila jina liache kwanza. Mwenyewe sijamwambia."