Noeli Niliyoomba Damu Katoro

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya misheni karibu na Katoro, nilishindwa kusoma kioo kimoja cha malaria. Nilikuwa nimefika jana yake na sanduku la nguo na barua kutoka kanisani kwetu Taita, Kenya. Barua ilinitambulisha kuwa mmisionari mlei: si padri wala bruda, bali mtu mwenye familia yake, aliyetumwa nchi nyingine kutoa huduma kwa taaluma aliyonayo. Taaluma yangu ilikuwa maabara, na muda wangu miaka miwili. Nilimwacha nyumbani mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na binti zetu wawili, Wakesho na Mghoi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na nilijiona fundi.

Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyeisimamia hospitali ile, alikuwa sista mzaliwa wa Bukombe, mfupi, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Watu wote walimwita Sista Daktari. Aliniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza, na tangu dakika ile sikuitwa tena jina langu.

"Soma, Baba Wakesho," alisema, akaweka kioo chini ya darubini.

Ninyi mlioanza kazi na mashine zinazotoa majibu kwenye karatasi, niwaeleze kidogo. Tulikuwa tunaweka tone la damu juu ya kipande cha kioo, tunalitandaza, tunalipaka rangi, kisha tunalipitia chini ya darubini eneo moja baada ya jingine tukitafuta vimelea. Nilipitia maeneo machache nikainua kichwa.

"Hakuna kitu, Sista."

"Umepitia maeneo mangapi?"

"Kama thelathini."

"Ulifundishwa mangapi?"

"Mia moja."

"Basi rudi ukasome yaliyobaki. Mimi nipo."

Alikaa kwenye stuli akanisubiri, na wagonjwa wamejaa nje. Nilipovuka themanini nikakiona kimelea kimoja, pete ndogo ya zambarau yenye kidoa chekundu. Masikio yaliniwaka moto. Sista Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Mama wa mtoto huyu amembeba mgongoni tangu alfajiri. Wewe ungemrudisha na dawa ya maumivu." Akaenda zake wodini. Tangu siku hiyo hadi nastaafu sikuwahi kuacha kioo kabla ya eneo la mia.

Kazi niliizoea. Watu wa pale nao nilijifunza kuwazoea. Kwa wakulima na wafugaji wa vijijini Kiswahili kilikuwa lugha ya pili baada ya Kisukuma, lakini walikisema kwa adabu kuliko mimi. Niliposema, "Nipe mkono," ili nitoe damu, kinamama walinitazama kama mtu anayepora. Muuguzi mmoja akanivuta pembeni: "Kaka, huku tunasema naomba. Naomba mkono, mama." Nikaanza kusema naomba, na mikono ikaja yenyewe.

Nilichokuwa nakihesabia siku ni Noeli. Mimi na hospitali tuliandikiana kwamba likizo yangu ya kwanza itaanza tarehe ishirini na mbili Desemba. Ningepanda basi hadi Mwanza, nivuke mpaka wa Sirari, nipite Nairobi, nishuke Voi, na mkesha unikute nyumbani. Tiketi nilikuwa nayo. Zawadi zilikuwa zimefungwa: vitenge viwili vya binti zangu na kimoja cha mama yao. Kwa kuwa mtaalamu wa maabara nilikuwa peke yangu, hospitali ilikuwa imeomba mtu wa kunishikia nafasi kutoka kituo kingine. Siku mbili kabla ya safari ikaja taarifa kwamba mtu huyo amelazwa na hawezi kuja.

Nilimfuata Sista Daktari ofisini nikiwa nimeshajiandaa kugombana. Hakunipa nafasi ya kugombana.

"Likizo ni haki yako," alisema. "Nimeshaisaini, hii hapa. Sitakuzuia."

"Na maabara?"

"Tutaifunga. Nitatibu kwa macho na mikono, kama nilivyofanya kabla hujaja."

"Na upasuaji?"

"Bila damu iliyopimwa sipasui. Nitawapakia kwenye gari wapelekwe Geita, na nitawaombea wafike."

Angenisihi ningekataa, naijua nafsi yangu. Lakini alinipa ile karatasi iliyosainiwa, akaendelea kuandika. Nilitoka nayo mkononi, nikazunguka uwanja wa hospitali mara mbili, kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa simu, nikampigia mke wangu nikamwambia sitakuja.

Kuna watu wakisimulia habari kama hizi hudai wake zao walisema, "Kaa mume wangu, Mungu ni mwema." Mke wangu hakusema hivyo.

"Watoto wamefagia uwanja wote," alisema. "Wakesho amejifunza kupika chapati kwa ajili yako."

"Nipe niongee naye."

Nikasikia akimwita, nikasikia mlango ukifungwa.

"Hataki," mke wangu akasema. "Na mimi sitamlazimisha."

Asubuhi ya Noeli niliingia kanisani na moyo mzito. Kanisa lilikuwa jirani na hospitali, uwanja mmoja tu katikati, na siku ile lilikuwa limejaa: wakulima na familia zao, wafanyabiashara wa Katoro, wachimbaji wa dhahabu waliovaa mashati mapya yenye mikunjo ya dukani. Kwaya iliongozwa na Mama Kulwa, mjane mwenye mapacha, mwanamke mrefu ambaye akiinua mkono hata ndege wananyamaza. Walipoanza kuimba Gloria kwa ngoma niliinamisha uso. Akilini nilimwona Wakesho akifunga mlango ule niliousikia tu kwenye simu.

Paroko alikuwa katikati ya mahubiri nesi wa zamu alipokuja kunigusa bega. Gari dogo lilikuwa limeleta mchimbaji aitwaye Masanja. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limemwangukia alipokuwa akifukuzia mkanda wa mawe yenye dhahabu ambao hakutaka mwingine auwahi wakati wa sikukuu. Tumbo lake lilikuwa limevimba na midomo imepauka. Sista Daktari aliweka kiganja juu ya tumbo, akagonga kwa kidole, akasikiliza.

"Bandama imepasuka. Akipakiwa garini atafia njiani. Nataka chupa nne, Baba Wakesho. Mbili kabla sijaanza."

Nilimpima. Kundi O. Mgonjwa wa kundi O hupokea damu ya O peke yake. Nilifungua jokofu. Palikuwa na chupa mbili, zote za kundi A.

Ingekuwa mji mwingine, ningesema nikatangaze tu kanisani. Lakini hapa palikuwa ukanda wa dhahabu. Wapo waganga wa uongo waliokuwa wamewadanganya watu kwa miaka mingi kwamba dhahabu hufuata damu, na zilikuwepo habari za watu waliodhurika kwa uongo huo. Ndugu wa mgonjwa walikuwa wakitoa damu kwa shida, tena kwa ndugu yao tu. Masanja hakuwa na ndugu pale. Na aliyekwenda kuomba alikuwa mgeni, Mkenya, ambaye hata mwaka hajamaliza.

Niliingia kanisani kwa mlango wa pembeni nikamnong'oneza Paroko. Akakatisha mahubiri, akanipisha mbele. Sikujua niseme nini, nikasema ukweli ulivyo.

"Kuna mtu anakufa ng'ambo ya uwanja huu. Anaitwa Masanja. Shimo limemwangukia. Sista Daktari anaweza kumpasua apone, lakini hatuna damu. Naomba damu."

Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti, "Damu siku ya Noeli! Inaenda kufanya kazi gani?" Minong'ono ikaanza. Nikaona watu wawili wakisogea mlangoni.

Ndipo Mama Kulwa akasimama, na kanzu yake ya kwaya.

"Baba Wakesho," alisema, "mimi nakuuliza mbele ya watu wote, na wewe unijibu mbele ya watu wote. Damu yangu ikitoka mkononi mwangu, inaenda wapi?"

"Inaenda kwenye mkono wa Masanja, mama."

"Nitaiona?"

Kanuni haikuruhusu. Mtoaji hutoa, hunywa soda, huenda nyumbani. Lakini nilielewa kwamba nikisema kanuni, Masanja amekufa.

"Utaiona, mama. Utakaa mlangoni pa maabara na kuitazama tangu inapotoka mpaka inapoingia."

"Basi twende," akasema. Kisha akageukia kwaya yake, akawaambia kwa Kisukuma maneno ambayo baadaye nilitafsiriwa: Hatuwezi kumwimbia Mtoto aliyezaliwa halafu tukamwacha mtoto wa mwenzetu afe.

Walinifuata. Kwanza wanakwaya, kisha wachimbaji wa mashati mapya, kisha kinamama wenye watoto mgongoni, wakavuka uwanja kwenye jua la saa nne. Nesi alinitoa damu mimi kwanza mbele yao, kwani na mimi ni kundi O, nikaendelea kufanya kazi na pamba mkononi. Kila mtoaji nilimpima kundi. Damu ya aliyefaa niliipima tena maradhi yanayoambukizwa kwa damu, kisha nikachanganya tone lake na la Masanja, nikazungusha kwenye mashine, nikatazama kama damu zinapatana au zinagandana. Hatua hizo hazina njia ya mkato. Sista Daktari alituma mtu mara mbili kuniuliza, na mara zote mbili nilijibu, "Bado." Sikuruka hatua hata moja.

Mama Kulwa alikaa mlangoni kama alivyoahidiwa, macho yasibanduke kwenye chupa yake. Ilipokuwa tayari alisimama, akaenda sambamba na nesi aliyeibeba, mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Kupitia kioo cha mlango aliona ikitundikwa, akaona tone la kwanza likishuka kwenye mpira. Akageuka kuwatazama wale waliojipanga uwanjani.

"Imeingia!" alipaza sauti. "Imeingia kwa Masanja!"

Baada ya hapo sikuhitaji kuomba tena. Hata yule mwanamume wa nyuma alikuja, akakunja mkono wa shati bila kunitazama usoni. Nilipata chupa saba. Paroko alikuja kumalizia Misa pale pale uwanjani, watu wamekaa kwenye nyasi wakishikilia pamba mikononi. Sista Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kilemba.

"Yupo," alisema, akakaa kwenye ngazi. Kisha akanitazama. "Ulinikawiza."

"Nilikuwa napima, Sista."

"Ndiyo. Kwa hiyo yupo."

Nimesifiwa na mabosi wengine baadaye, kwa barua na vyeti. Hakuna aliyenisifu kama yeye siku ile.

Kazi yangu haikuishia miaka miwili. Nilibaki Katoro miaka sita, na kila Noeli baada ya Misa watu walivuka uwanja kutoa damu, Mama Kulwa wa kwanza. Mwaka wa tatu mke wangu alihamishia kazi yake huko, akaja na watoto, akafundisha watoto wa wachimbaji. Kisha nilipelekwa Segese, kwenye zahanati ambayo maabara yake ilikuwa meza moja dirishani. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa kijana mpole aliyeandika kila jambo kwenye daftari. Mwisho nikawa Shinyanga mjini, nikiwasimamia wataalamu chipukizi. Niliwakalisha kwenye darubini nikawaambia wasome maeneo mia. Walinichukia wiki ya kwanza, kama ilivyo desturi.

Nilistaafu miaka miwili iliyopita, sasa nipo Taita. Vijana huniuliza kama utume wa ugenini unastahili gharama yake. Siwapi jibu moja. Nawaambia kwamba niliwakuta ugenini watu wakubwa kuliko mimi: daktari aliyenipa uhuru wa kuondoka na ndiyo maana nikabaki, na mwanamke aliyeuliza swali ambalo wengine waliogopa kuliuliza. Nawaambia pia kwamba ile Noeli ya nyumbani haikurudishwa na mtu yeyote. Masanja aliishi, na binti yangu alikula chapati zake bila baba. Yote mawili ni kweli, na sijui mizani ya kuyapimia.

Noeli iliyopita tulikuwa wote nyumbani, Wakesho na mume wake na watoto wao. Tulipobaki wawili jikoni nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: kama alinisamehe.

Alikausha sahani mbili au tatu.

"Nilikukasirikia mpaka tulipohamia Katoro, baba," alisema. "Noeli ya kwanza huko, Mama Kulwa alinishika mkono akanipeleka wodini, akanionyesha mtu aliyelazwa kwa homa. Akasema, 'Huyu ndiye Masanja. Mwamkie.' Nikamwamkia. Akaniitikia, 'Marahaba, mwanangu.' Nilikuwa nimemchukia mtu yule miaka miwili bila kumwona." Akaweka sahani kabatini. "Nikashindwa kuendelea na hasira."