Sekunde Iliyofunga Kadi ya Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibondo, Msimamizi wa Mitambo alinikuta nimekaa. Akaniuliza, "Wewe umekuja kupumzika?" Tangu hapo sijui kutulia. Hata sasa nimestaafu, mke wangu anasema nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulitunza seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, za shirika lililogawa chakula kwenye kambi za wakimbizi. Seva huuliza saa kwenye mtandao. Nyinyi vijana mnadhani saa ni kitu kilichotulia. Wapi! Dunia huchelewa kidogo kuzunguka, basi mara chache wakubwa wa saa waliongeza sekunde moja, mwisho wa Juni au wa Desemba. Seva nyingine huirudia sekunde hiyo, ikaisha. Nyingine huitandaza: hutembea polepole kuanzia jana yake mpaka saa tisa alasiri ya siku ya pili. Njia zote ni sawa, ila usizichanganye.

Nilipohamishiwa Kasulu nilikuta zimechanganywa. Seva ya ofisini, inayotoa idhini, ilitandaza. Ya getini, inayoandika papo hapo kwamba chakula kimetoka, kabla hata hakijapimwa, ilirudia. Asubuhi ya Julai mosi ikaonekana watu wamechukua chakula kabla ya idhini. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko kupepesa jicho, lakini mfumo ukaiita udanganyifu na kuanza kufunga kadi za chakula.

Wa kwanza alikuwa Mama Furaha, Mkongomani. Mlinzi akamwambia, "Mama, umefanya haraka. Kadi yako imetangulia ruhusa."

Akanigeukia mimi, niliyekuwa pale getini. "Papa, sikuiba. Batoto batakula nini?"

Mimi nimezaliwa na wakimbizi wa Burundi, najua uchungu wa kuitwa mwizi mbele ya foleni. Nikampigia Meneja wa Mifumo.

"Subiri," akasema. "Saa tisa zitalingana zenyewe."

"Saa tisa geti linafungwa, bosi."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Niruhusu niifanye seva ya getini ifuate saa ya ofisini. Au njoo uwaambie wewe hawa akina mama."

Akakubali. Foleni ikasonga. Kadi zilizokwisha kufungwa alizifungua mwenyewe, mojamoja, na Mama Furaha aliondoka na unga wake geti likikaribia kufungwa.

Nasikia wameamua sekunde hiyo isiongezwe tena miaka ijayo. Nimefurahi, ingawa kila Juni ikiisha bado nashika simu kutazama saa.

Juzi nilimkuta Mama Furaha akiuza uji kwenye soko la jirani na kambi. Akanijazia kikombe, akaunyoosha mkono, ukasimama hewani kidogo, ndipo akanipa.

"Mbona unangoja?"

"Niliambiwaka nafanya haraka, Papa."

Roho iliniuma. Nikamweleza tangu mwanzo kwamba saa zetu ndizo zilizopishana, yeye hakukosea lolote. Alisikiliza vizuri, akasema ameelewa.

Nikaomba kikombe cha pili. Akakijaza, akaunyoosha mkono, akangoja, ndipo akanipa.