Papa Safari alishindwa kufikia sauti yake mwenyewe, kumbe ni sample rate ya kompyuta yangu

Wakuu, salamu kutoka Karuba, huku kwenye milima ya Masisi.

Kiswahili changu ni cha Kivu, mutanivumilia. Ninayoandika hapa yalitokea ndani ya salon yangu, chumba cha wageni, na kama naongeza chumvi, bibi yangu, yani mke wangu, anasoma hili forum, atanisahihisha.

Kuna muzee hapa kwetu, Papa Safari. Anachunga ng'ombe na kuuza maziwa, lakini watu wanamujua kwa sauti. Akiwa kijana aliimbisha wimbo mumoja na korali ya kanisa, wakaurekodi Goma, ukatoka kwenye CD.

Sasa binti yake, Neema, akapata muchumba wa Walikale. Neema akaomba kitu kimoja tu: akiingia kanisani siku ya ndoa, baba yake aimbe ule wimbo.

Mupiga gitaa wa ule wimbo alishahama. Tukakubaliana CD ipige, Papa Safari aimbe juu yake, live.

CD ikaletwa kwangu, sababu mimi njo niko na kompyuta na amplificateur, vyote kwa solaire, umeme wa jua. Tena nilikuwa nimetoka kununua carte son ya nje, kale kasanduku kanatoa sauti ya digital kwenye kompyuta na kuipeleka kwa amplificateur. Wakuu, nilijiona niko na radio station.

Répétition ya kwanza, kule kujaribu mbele ya ndoa: verse ikaenda muzuri. Kufika chorus, Papa Safari akapanda, akapanda, akakwama. Sauti ikakatika.

Tukarudia. Ikakatika tena, na jasho juu.

Dada Espérance, mwalimu wa korali, akanivuta pembeni.

"Kaka, muzee amezeeka. Tutafute kijana."

Papa Safari akasikia. Akageuka polepole.

"Dada, ule anaimba mu CD ni nani?"

"Ni wewe, Papa."

"Basi nitamufikia."

Hapo njo mateso yalianza. Tangawizi asubuhi. Asali mchana. Mayai mabichi. Bibi yake, Mama Furaha, akamukataza maziwa baridi, yeye muntu wa maziwa! Akaambiwa pia achunge koo asipige kelele, basi akawa anaita ng'ombe kwa kunong'ona. Ng'ombe hawakusikia kitu, wakaingia mu maharagi ya jirani.

Na bado kila tukifanya répétition, chorus inamutupa chini. Siku moja akaniambia, bila kuniangalia: "Nilifikiri uzee unaanza na magoti."

Iliniuma, wakuu.

Nikamuwekea ule wimbo kwenye telefone yake, ajifunze nao huko malishoni.

Kesho yake akashuka mulima anacheka peke yake. "Nimepona! Chorus yote nimeimba, mpaka mwisho!"

Tukakimbia kwangu. Nikawasha kompyuta. Chorus ikafika... ikakatika tena.

Mama Furaha akaangalia kuta zangu, akaangalia dari.

"Kule mulima anaimba, hapa anakufa. Kaka, hii nyumba yako iko na kintu."

Dada Espérance akasema ataomba pasta apite kuombea nyumba. Bibi yangu akaniangalia kama vile mimi njo nilikaribisha icho kintu.

Sasa heshima ya nyumba iko hatarini. Nikafikiri: wimbo ni ule ule, muntu ni ule ule, kinachobadilika ni machini tu. Nikaweka telefone juu ya meza, nikaipigisha pamoja na kompyuta, zote zianze mara moja.

Kufika verse ya pili, kompyuta imetangulia. Ikamaliza wimbo, ikanyamaza, na telefone bado inaimba peke yake!

Papa Safari akasimama, akanyoosha kidole kwa telefone.

"Huyu njo mimi. Ule mwingine ni nani?"

Nikaingia kwenye settings. Wakuu, sample rate ni idadi ya vipande vya sauti vinavyopigwa kila sekunde. CD inatumia 44100. Kasanduku kangu kalikuwa kamefungwa kwa 48000. Kawaida kompyuta ingebadilisha yenyewe, lakini mimi fundi niliwasha exclusive mode, inayoacha programu ya kupiga muziki ishike kasanduku peke yake, sababu nilisoma fasi fulani mu internet kwamba sauti inakuwa safi. Basi player ilikuwa inatuma vipande moja kwa moja, bila kubadilisha, na kasanduku kanavimeza haraka kuliko inavyofaa. Wimbo unakimbia, na sauti inapanda juu.

Nikasema hapo ni kuongeza namba tu, namba kubwa lazima iko bora. Nikaweka 96000.

Papa Safari wa CD akaimba kama kifaranga.

Mama Furaha alicheka mpaka akakaa chini kwa simenti. "Huyu angekuja kwetu kuposa, baba yangu angemupatia mahindi!"

Nikarudisha 44100. Nikapiga tena.

Sauti ikatoka nzito, ya kutulia, ya kijana. Papa Safari akafunga macho, chorus ikafika, akapanda nayo mpaka juu, wakaenda wawili pamoja hadi mwisho.

Dada Espérance akapiga magoti. "Papa, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Omba koo yangu, njo ilikunywa mayai."

Siku ya ndoa kanisa lilijaa, nusu watu wa Walikale. Papa Safari aliimba chorus yote bila shida. Alikwama mara moja tu, verse ya mwisho, na haikuwa sababu ya noti. Neema alikuwa amefika mbele, akafungua shela, akamuangalia. Ule wa CD akaendelea kuimba peke yake mpaka muzee alipopata pumzi ya kurudi.

Fundisho langu, wakuu: sauti ikikimbia, angalia kwanza sample rate ya faili na ya carte son, zipatane. Exclusive mode izimeni kama hamujui inafanya nini. Na musimuambie muntu amezeeka kabla ya kuchunguza machini.

Wenye kujua hizi mambo, nielezeni: kwa nini kasanduku hakakujiweka kenyewe kwa 44100? Na wewe, machini yako ilishakugombanisha na nani? Weka hapa chini, pasta naye anasoma.