Mistari Miwili ya Wino Mwekundu

Padri wa Kizungu aliyetufundisha Kifaransa alikuwa na dini mbili: ya Kanisa na ya sentensi moja. Kila insha, alisema, aya ya kwanza iishie kwa sentensi inayotamka msimamo wako, fupi, isiyojificha, hata msomaji mvivu asiulize, "Huyu anataka nini?" Akiikuta, anaipigia mistari miwili ya wino mwekundu. Asipoikuta, anakurudishia kaye, daftari lako, bila kusoma yaliyobaki.

Yangu ilirudi bila kusomwa mwaka mzima. Nilikuwa bingwa wa kuzungukazunguka mpaka kengele ilie.

Halafu akatupa swali: kwao mtu ni wapi, alikozaliwa au walikotoka wazazi wake? Nadhani padri yule hakusikiliza redio. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na sisi wa wazazi waliotoka Kasai tulikuwa tunachomewa nyumba pale mtaani Katuba. Majirani zetu wawili walikuwa wamekwisha kukimbilia kambi ya wakimbizi. Nilikasirika, nikasahau kuzungukazunguka. Nikaandika: "Nilizaliwa hapa, basi hapa ni kwetu, na anayenifukuza ndiye anayepaswa kujieleza."

Mistari miwili myekundu. Kumi na sita juu ya ishirini. Nilitoka shuleni nikitembea kama askofu, kaye kwapani, mpaka nilipokiona kizuizi cha askari katika barabara ya kurudi nyumbani. Kilikuwa kipya, asubuhi hakikuwepo. Kugeuka nisingeweza. Aliyegeuka jana yake kwenye kizuizi kingine walimfuata kwa risasi.

"We, kuya. Unatoka wapi?"

"Ku masomo, chef."

"Leta ile kaye."

Jalada lilikuwa na jina letu, na jina letu linanukia Kasai toka mbali. Kwa bahati alilikunja nyuma bila kulitazama, akaenda moja kwa moja kwenye insha. Jicho lake likatua pale pale padri alipotaka jicho la kila msomaji litue.

"Hii nyekundu njo nini? Ulikosa?"

"Ndiyo, chef. Nilikosa sana."

"Soma mu Kiswahili, tusikie."

Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya dada yangu mdogo. "Inasema... mutu ni mutu, chef, na pahali ni pahali. Bantu bamoja banasema hivi, bengine banasema vile, na kila mutu anaweza kufikiri, kama vile tunavyoweza kusema, kwa upande moja na kwa upande ingine..."

Askari akamgeukia mwenzake. "Unasikia? Wazazi banalipa masomo kwa ajili ya hii." Akanitupia kaye kifuani. "Mutoto, haina kichwa, haina mukia. Mwalimu eko na haki. Enda ujifunze."

Nilifika nyumbani shati limenigandia mgongoni.

Papa alikuwa amekaa mlangoni. Nikamweleza, nikampa kaye. Aliisoma sentensi ile mara moja tu, haikuhitaji mara ya pili. Akauchana ukurasa mzima, pamoja na kumi na sita yangu, akausukuma ndani ya makaa chini ya sufuria, akangoja mpaka ukawa mweusi.

"Mama," akamwita mama yangu, "funga vyombo. Kesho tunaenda ku kambi. Huyu mutoto sasa anajua kuandika."

Mama alianza na mablanketi.