Kifungo cha Koti

Ni nani aliyekata uzi ule, mimi au gitaa lenyewe?

Mwaka 1993 sikuwa na jibu, nami nilikuwa mtu wa kutaka majibu. Nilikuwa nimerudi Kigali kutoka chuo kikuu kwa likizo ndefu, nimejaa maswali hadi mama akanikataza kuuliza chochote wakati wa kula. Dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa Agosti. Nilimwahidi kwamba siku atakayotoka nyumbani kwetu Rwezamenyo nitampigia gitaa wimbo mmoja. Mmoja tu, na sikuwa nimewahi kushika gitaa maishani.

Aliyekubali kunifundisha alikuwa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kijana aliyenizidi miaka mitatu na aliyepiga gitaa kwenye kila harusi ya mtaa. Nilikuwa nampenda. Naandika hivyo sasa. Wakati ule sikumwambia mtu, hata yeye.

Siku ya kwanza hakunipa gitaa. Aliniwekea mezani vipande vitatu vya kupigia nyuzi, mediatori, kama tulivyoviita kwa Kifaransa. Vya dukani vilikuwa adimu, kwa hiyo alijitengenezea mwenyewe. Kimoja alikikata kwenye mfuniko wa kopo la siagi, kingine kwenye jerikani ya njano, na cha tatu kilikuwa kifungo kikubwa cha koti alichokisugua sakafuni hadi kikapata ncha. Alivikunja kimoja kimoja karibu na sikio langu. Cha kifungo hakikukunjika.

"Anza na hiki cha siagi," akasema. "Ni laini. Ukikosea, chenyewe kinakubali kosa."

"Kwa nini nianze na kinachokubali makosa? Nitajuaje kama nimekosea?"

"Utajua tu, msomi," akacheka. "Mtaa mzima utajua."

Kisha akatandika mezani suruali ya kodrai ya mteja, kitambaa kile chenye mistari iliyoinuka. Kwa siku nne kazi yangu ilikuwa kupitisha mediatori juu ya ile mistari, kushuka na kupanda, hadi mkwaruzo ukawa na sauti moja.

"Shika kama sindano. Ukiibana, kidole kinakufa ganzi. Ukiiachia, tunaitafuta chini ya meza. Ncha itokeze kidogo tu."

"Na mwenye suruali akija?"

"Nitamwambia iko kwa pasi ya muziki."

Baada ya wiki tatu niliweza kuupiga wimbo wote kwa kile cha siagi. Lakini ulitoka mwembamba, kama mtu anayefunua kurasa za daftari, na mimi nilitaka dada ausikie hadi barabarani. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, fundi aliingia ndani kumpima mteja. Nikachukua kifungo.

Sauti ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, ilikuwa nzuri kweli. Nilipiga mara ya kwanza, ya pili, na katikati ya mara ya tatu uzi mwembamba kuliko wote ukakatika na kunichapa mkononi. Akatoka mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ni mimi," nikasema.

Aliinamia gitaa. "Siyo wewe. Angalia umekatikia wapi. Wewe unapiga hapa, juu ya tundu. Umekatikia kule chini kabisa, kwenye chuma kinachobeba nyuzi. Iko kitu huko kinaula."

"Unanihurumia."

"Nikuhurumie kwa nini?"

"Kwa sababu kesho ni harusi."

Alinitazama, kisha akaenda kwenye baiskeli yake mbovu, akachomoa unywele mmoja wa waya wa breki na kuufunga mahali pa uzi uliokatika. "Kesho utapiga," akasema. Nikamjibu kwamba sitapiga. Chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba maneno yanayokupendeza ndiyo ya kushukiwa kwanza, na maneno yake yalinipendeza mno.

Alipiga peke yake. Nilikaa katikati ya wanawake, kifungo kikiwa ndani ya kiganja. Dada alipopita karibu yangu na shela yake aliinama akaninong'oneza, "Si ulisema utanipigia?" Nikatazama viatu vyangu.

Jumatatu fundi alikuja kusimama mlangoni kwetu.

"Msomi, rudi. Nimetengeneza."

"Umetengeneza nini?"

"Njoo uone."

Nilidhani ananibembeleza kama mtoto. Nikamwambia nina vitabu vya kusoma. Alikuja mara mbili zaidi, kisha akaacha. Tukawa tunasalimiana kwa kichwa tukipishana njiani, kama watu waliowahi kupanga nyumba moja.

Aprili ya mwaka uliofuata walimtoa nyumbani kwake asubuhi. Hakuna aliyewahi kuniambia alizikwa wapi, na nimeuliza watu wengi. Mimi nilinusurika, na kifungo kikanusurika nami, ndani ya mfuko wa gauni nililokuwa nimevaa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimkosea mara mbili: nilikata uzi wake, kisha nikamwadhibu kwa kunifariji. Sikushika gitaa tena.

Nilikuwa na mvi nilipojua kwamba dada yake, aliyeolewa Bukavu kabla ya vita, alikuwa na lile gitaa. Fundi alimpelekea Krismasi ile, miezi minne baada ya harusi, ili wanawe wajifunzie. Nikaenda. Akaniletea gitaa sebuleni, akaniacha peke yangu. Sikupiga, nilipitisha kidole kwenye chuma cha chini, taratibu, kutoka nafasi ya uzi mnene kwenda kwenye ule mwembamba. Nafasi tano zilikuwa na ukali wa kukata ngozi. Ile ya sita ilikuwa imepigwa tupa hadi ikawa laini.